Maji yakijaa punguza mzigo: maongezi ya Tanga kuhusu pakiti za sensa

Wengi mmeniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi pale Tanga, wengine mlikaa nyuma chini ya feni hamkusikia kitu, na kuna kaka alinifata nje akasema amerekodi ila simu imerekodi feni tupu. Basi nimeandika kama nilivyosema, nimeondoa tu zile dakika umeme ulipokatika tukakaa kiza.

Haya, salama jamani? Sogeeni mbele, viti vya huku havina miiba. Kahawa nimeipata, kashata mmeniwekea nyingi nitaondoka nazo.

Kwanza nitoe hofu, nikisema sensa leo sio ile ya 2022 ya makarani kupiga hodi kuuliza kaya ina watu wangapi. Sensa yangu ni kidude cha kupima, kipime joto, chumvi ya maji, unyevu wa udongo, chochote, kina redio ndogo na betri zake mbili za AA, kinapima na kupeleka habari bila waya, na ukiwa navyo vingi vinapasiana, hiki kinakipa kile, kile kinakipa kingine mpaka habari inafika kwenye kituo chenye laini ya simu. Huo ndo mtandao wa sensa, hamna uchawi.

Sasa swali langu ni dogo mno, dogo hadi mwenyeji wangu kaniuliza yaani umepanda basi kwa hilo tu? Kidude kikitaka kusema, kiseme kiasi gani kwa mara moja? Kila kipimo kikisema, au kikusanye kumi, au kikusanye mpaka pakiti, yaani ile bahasha moja ya habari inayorushwa hewani, ijae ndo kitume? Watu wengi hawajiulizi, wanachukua programu wanakuta mtu kaweka namba, wanaiacha. TinyOS kwa mfano, programu ya msingi ya vidude hivi, ilikuja na mzigo wa baiti 28, na miradi kibao ikatembea na 28 kwa sababu tu ndo ilivokutwa. Mi mwenyewe namba yangu ya kwanza niliibahatisha na nikaharibu, ntawaambia.

Mliotoka Pangani mnalijua pantoni. Likivuka kwenda Bweni na baiskeli moja au likivuka limejaa magari, injini ni ile ile, mafuta karibu yale yale, mnasubiriana vile vile. Redio iko hivo. Hebu tuivue nguo pakiti moja ya 802.15.4, hiki ndo kiwango kinachobeba mitandao ya vidude kama Zigbee na wenzake, kimetoka 2003 na bado kipo kila mahali. Kabla ya kusema neno lolote redio inapiga hodi, baiti 4 za hodi hodi, alafu baiti 1 ya "haya naanza", alafu baiti 1 ya kusema kinachokuja kina urefu gani. Hizo 6. Inafuata heda, yaani maandishi ya juu ya bahasha: pakiti ya aina gani, namba yake, mtandao upi, inaenda kwa nani, inatoka kwa nani, ukitumia anwani fupi ni baiti 9. Mwisho kuna muhuri wa baiti 2 wa kukagua kama kuna kilichoharibika njiani. Jumlisha hapo. 17. Baiti 17 na bado hujasema kitu, na kipimo cha joto chenyewe ni baiti 2 tu, ni sawa na kukodi pantoni zima kuvusha ndimu mbili.

Kwa hiyo mtu mwenye akili anasema jaza. Na dari ipo, pakiti nzima ukiacha ile hodi haizidi baiti 127, ukitoa heda na muhuri zinabaki 116 za mzigo. Redio inakwenda kilobiti 250 kwa sekunde, kila baiti ni maikrosekunde 32, pakiti iliyojaa pomoni na hodi yake inakaa hewani milisekunde 4 na kidogo. Ni kitu kidogo sana, unapepesa jicho zimeshapita kadhaa.

Tatizo ni ule muhuri. Muhuri hauna huruma hata kidogo, kila baiti ni biti 8, kwa hiyo kuna biti zaidi ya 1,000 kwenye pakiti iliyojaa, ikigeuka moja tu njiani, iliyokuwa sifuri ikawa moja, pakiti nzima inatupwa. Kuna duka moja mtaani kwangu mwenyewe yuko hivo, trei la mayai 30 ukimletea limo moja limepasuka anakurudishia trei lote, hataki hata kuhesabu mazima. Sasa ukijua mteja ni wa namna hiyo, na barabara ina mashimo, utapakia trei kubwa?

Twende kwenye namba maana bila namba tutabishana mpaka magharibi. Chukua njia mbovu kidogo, biti moja katika kila 1,000 inaharibika. Ukituma mzigo wa baiti 4 kwa pakiti, katika kila biti 100 unazorusha ni 16 tu ndo zinafika zikiwa habari ya maana, zingine ni heda na zilizotupwa. Ukijaza baiti 116 unapata 30. Ukiweka baiti 38 unapata 44. Mmeona? Katikati ndo kuna nyama. Sasa safisha njia, biti moja katika 10,000 ndo inaharibika: baiti 4 zinakupa kama 19, baiti 38 zinakupa 66, baiti 116 zinakupa 78. Hapo kubwa imeshinda wazi. Kwa hiyo anayekwambia pakiti nzuri ni baiti kadhaa bila kukuuliza njia yako ikoje, mwambie asante, chukua kashata, nenda.

Kwa wanaopenda kanuni: chukua baiti 17 zile uzifanye biti, ni 136, gawanya kwa kiwango cha makosa, ongeza 68 mara 68 maana 68 ni nusu ya 136, tafuta kipeuo cha pili, toa hiyo 68. Basi. Kwa moja katika 1,000 inakuja biti 300 hivi, ndo zile baiti 38. Kwa moja katika 10,000 inakuja baiti 137, dari inakuzuia, jaza tu. Kwa 3 katika 1,000 inashuka mpaka 19. Haya mambo sikuyagundua mimi, Sankarasubramaniam, Akyildiz na McLaughlin wa Georgia Tech waliyaandika 2003, wakapima kwa nishati badala ya kasi, na wakasema sensa ichague ukubwa mmoja ikae nao maana kidude kidogo hakina akili ya kubadilisha badilisha kila saa. Nilivosoma hapo nikasema hawa hawajaiona bahari ya Tanga. Kiburi tu, baadae nikarudi kwao nimeinama.

Sasa mkasa wenyewe. Tuliweka nguzo 12 kwenye shamba la mwani kaskazini ya mji, kijiji sikitaji na waliotulipa siwataji. Kazi ilikuwa kupima joto na chumvi ya maji kila dakika 5, maana mwani ukipigwa na joto unakwajuka, unakuwa mweupe, unakatika kwenye kamba na kina mama wanapoteza wiki sita za kazi. Nguzo mita 4 na nusu juu ya mchanga, zimepangwa mstari kutoka ufukweni kwenda kwenye kina, mita 100 hivi kutoka moja hadi nyingine, redio CC2420, ya zamani ila namfahamu kila tabia yake.

Nguzo unaisimamisha lini? Maji yamekupwa si ndio, hakuna anayechimba shimo chini ya maji ya mita 3. Basi tukasimamisha maji yamekupwa, tukajaribu maji yamekupwa, tukapiga picha maji yamekupwa, tukaenda kula wali samaki. Pakiti zote zinapita, safi kabisa. Nikasema njia hii nyeupe, jaza pantoni. Kila kipimo ni baiti 4, joto 2 chumvi 2, nikaweka baiti 2 za saa na vipimo 28, inakuja baiti 114, kwa hiyo kila kidude kinakusanya masaa mawili na dakika 20 ndo kinatuma. Na kwa ujuaji wangu nikaongeza, kama hakijajibiwa "nimepokea" kirudie mpaka mara 15, kawaida ya kile kiwango ni mara 3 mi nikaona 3 ni uvivu. Kikishindwa zote hizo kijue jirani kafa, kifungue redio kitafute jirani mwingine.

Ile sentensi ya mwisho ndo iliyoniua, mtaona.

Wiki ya kwanza raha, ilikuwa maji mafu. Ikaja bamvua, mwezi mpevu, bahari hapa kwetu inapanda na kushuka karibu mita 3 na nusu, nne. Nguzo yangu ya mita 4 na nusu antena ikabaki mita moja tu juu ya maji. Mtu atasema si bado iko juu, inaonana na mwenzake, tatizo nini? Wimbi la redio haliendi kama uzi jamani, linanenepa katikati kama muhogo, kwa gigahezi 2.4 na mita 100 ule unene pale katikati ni karibu mita 1.8 kwenda chini. Kwa hiyo muhogo wangu tumbo la chini limezama kwenye maji ya chumvi, na maji nayo yanarudisha wimbi lingine linakuja kugombana na lile la kwanza, na yanacheza, hayatulii. Njia iliyokuwa nyeupe saa nne asubuhi, saa kumi jioni ni matope.

Nilivokuja kupiga hesabu baadae, tuseme biti 3 katika 1,000 zinaharibika. Pakiti yangu iliyojaa inapita mara 4 katika 100. Nne! Ukiirudia mara 16 kwa jumla bado karibu nusu ya safari inashindwa kabisa. Pakiti ya baiti 38 kwenye njia hiyo hiyo mbovu inapita mara 26 au 27 katika 100, ukiirudia mara 16 inayoshindwa ni chini ya moja katika 100. Yaani na 38 nisingejua hata kama kuna tatizo. Na 114 vidude vikaanza kudhaniana vimekufa, vikafungua redio kutafuta majirani, majirani nao wako kwenye hali hiyo hiyo, kila mtu kafungua redio anasikiliza hakuna anayesikika.

Na kusikiliza ndo kunakula betri, hili watu hawaamini mpaka uwaonyeshe karatasi. Hiyo redio ikituma kwa nguvu zote inavuta miliampea 17.4, ikisikiliza inavuta 18.8. Kusikiliza ni ghali kuliko kusema! Betri ya miliampea-saa 2,500 ukiiacha isikilize mfululizo inakwisha siku 5 na nusu. Vidude vyangu vilikuwa vinasikiliza masaa kama 8 kwa siku, zile saa maji yamejaa, piga mwenyewe, siku 16, 17. Wiki ya tatu tangu bamvua ianze nguzo za kwenye kina zikanyamaza moja moja kama taa za mtaa. Mi niko mjini naangalia skrini nasema labda samaki wamekula waya.

Nikarudi na hasira nikafanya kosa la pili, kinyume chake. Nikasema kubwa ndo mbaya, basi kila kipimo kiende chenyewe, baiti 4, tumalize. Sasa hapa kuna kitu sijawaambia. Ile hodi ya baiti 4 ni ya redio ambayo mwenzake yuko macho, kwenye sensa za betri mwenzako amelala, anaamka mara moja kila nusu sekunde anachungulia kama kuna mtu mlangoni, hapana mtu, analala. Kwa hiyo anayetaka kumwambia kitu inabidi apige hodi nusu sekunde nzima ndo awe na uhakika amesikika. Nusu sekunde kwa kasi ile ni baiti 15,000 na ushee. Baiti elfu kumi na tano za hodi kupeleka baiti 4 za habari! Nguzo ya ufukweni inayopitisha habari za wote 12 ikawa inapiga hodi sekunde 6 katika kila dakika 5, usiku na mchana, ingekuwa vipimo 9 kwa pakiti ni sekunde 6 katika dakika 45. Sikusubiri ife, nilishaiona inakoelekea.

Na hapo kanuni yenyewe inabadilika, shikeni hili. Kama hodi ni ndefu kiasi hicho, heda ya baiti 17 haina maana tena, unachotafuta ni mzigo mkubwa unaoweza kufika, na jibu linakuwa jepesi mpaka unacheka: moja gawanya kwa kiwango cha makosa. Biti 3 katika 1,000, mzigo uwe biti 333, baiti 41. Ya kwanza ilisema 19 kwa redio zilizo macho, hii inasema 41 kwa redio zinazolala. Zangu zinalala. Baiti 2 za saa na vipimo 9 ni 38. Basi nikaweka 38 nikaacha kubishana.

Ila lililonisaidia zaidi sikulipata kwenye karatasi. Nimekaa ufukweni nabadilisha betri, mama mmoja wa mwani anapita na kamba zake begani anasubiri maji yakupwe ashuke shambani, nikamwamkia, akasema marahaba mwanangu, hivyo vidude vyenu vinasema saa ngapi?

Muda wote mama, kila baada ya muda vinasema.

Hata maji yakijaa?

Hata yakijaa.

Akacheka mpaka akashusha kamba. Sisi wenyewe maji yakijaa tuko nyumbani tunapika, kidude kinabaki kule kinaongea na nani?

Nilibaki na betri mkononi. Maana ni kweli, yeye ndo mteja, habari anaihitaji kabla hajashuka, na anashuka maji yakikupwa. Kujaa na kukupwa kunarudi kila masaa 12 na dakika 25 hivi, sio siri, wavuvi wote wanajua bila simu. Kwa nini kidude kipige kelele saa mbovu kuliko zote? Kikae na vipimo vyake. Masaa 6 ya vipimo ni baiti 288, kidude cha zamani kinachoitwa TelosB kina kumbukumbu ya kilobaiti 10, kinacheka tu. Tukaandika: jaribu mara 3, ikishindwa tunza, lala, jaribu tena baada ya nusu saa, na usimdhanie jirani amekufa mpaka yapite masaa 13. Masaa 13 yamebeba kujaa kumoja na kukupwa kumoja, jirani asiyejibu muda wote huo huyo kweli kafa. Kitu kimoja tu hakisubiri, joto likiruka ghafla kinatumwa papo hapo kwenye pakiti yake ndogo ya baiti 4, hiyo irudiwe hata mara 15, kwa udogo wake inapenya.

Sasa la vitendo, na hapa nataka muandike. Utajuaje njia yako ina makosa kiasi gani? Wengi wanaangalia nguvu ya mawimbi wanasema ipo juu basi sawa. Usifanye hivo. Tuma pakiti za saizi mbili, moja ndogo baiti 30 kwa jumla, moja kubwa 120, zipishane, ndogo kubwa ndogo kubwa, uziache siku kadhaa na lazima bamvua iwemo, alafu hesabu zilizopita. Kubwa ni mara nne ya ndogo. Kama ndogo zinapita 94 katika 100, kubwa inabidi zipite 94 kwa 94 kwa 94 kwa 94, inakuja 78 hivi. Ukiona 78, vizuri, makosa yako ni ya biti biti, dawa ni ukubwa wa pakiti, rudi kwenye kanuni. Lakini ukiona ndogo 70 na kubwa nazo 69, simama. Hapo kupunguza pakiti hakusaidii chochote, kinachokuua hakijali urefu, ama njia inakatika kabisa kwa vipindi, ama kuna waifai ya jirani inakukanyaga, ama vidude vyako viwili havisikiani vinaongea pamoja. Waifai iko masafa hayo hayo, jaribu chaneli ya 26, ipo pembeni juu kabisa, mara nyingi waifai haifiki kule. Nguzo yangu ya 12 ilikuwa hivo hivo, ndogo na kubwa zinapotea sawa sawa, nimehangaika nayo na hesabu mwezi mzima, mwisho tukaiongezea bomba la mita moja na nusu juu ikapona siku hiyo hiyo. Mwezi mzima jamani.

Maswali yalikuwa mengi, naandika matatu.

Kaka mmoja wa mashamba ya mkonge kule Muheza akauliza, sisi tunatumia LoRa, zile redio za masafa marefu, haya yanatuhusu? Yanawahusu mno, tena kwenu ni makali zaidi. LoRa ukiongeza umbali unapunguza kasi, ngazi zake zinatoka SF7 mpaka SF12. Ujumbe wenye mzigo wa baiti 51 na heda yake ya LoRaWAN ya baiti 13, kwenye SF7 unakaa hewani sekunde 0.12, ujumbe ule ule kwenye SF12 unakaa sekunde 2.8. Sekunde karibu tatu umeshika hewa, wenzako wote wa ngazi hiyo wanasubiri au wanakugonga. Kwa mpango wa Ulaya SF12 haikuruhusu zaidi ya baiti 51, na hewani hutakiwi kuzidi asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa, ujumbe 12 basi umemaliza saa yako. Kwa hiyo kwenu kabla ya kukusanya vipimo vingi kwanza punguza maneno, tuma kipimo cha kwanza kamili vinavyofata tuma tofauti tu, joto la udongo halirukiruki, baiti 1 inatosha. Na sogeza antena juu ushuke ngazi, kushuka ngazi moja karibu kunakurudishia nusu ya muda.

Mwanafunzi akauliza mbona mtu asitumie intaneti ya kawaida, IPv6 moja kwa moja, mambo ya saizi yajimalize yenyewe. Swali zuri, ila hayajimalizi. IPv6 inadai njia iweze kubeba baiti 1,280, sisi dari letu 127, kwa hiyo kuna tabaka linaitwa 6LoWPAN la 2007 linakata ujumbe vipande na kuviunga upande wa pili. Ujumbe wa 1,280 unakuwa vipande kama 14. Kipande kimoja kikipotea kikakosa kurudiwa ujumbe wote umekufa, kila kipande kikipita mara 90 katika 100 ujumbe mzima unapita chini ya robo ya mara. Ni lile lile trei la mayai, ila sasa limekuwa trei 14 na mteja anataka zote nzima. Heda za IPv6 wameshazibana vizuri tangu 2011, kwa hiyo itumie tu, ila andika ujumbe wako utoshe kwenye pakiti moja, usikubali ikatwe.

Wa mwisho alikuwa dada mmoja amekaa karibu na mlango, aliandika muda wote hakucheka hata kwenye kashata. Akasema kaka, umesema maji yakikupwa njia ni nyeupe na baiti 114 zinapita, na sasa unatuma maji yakikupwa tu, mbona umebaki na 38?

Nilijua kuna mtu ataliona. Kwa hesabu yuko sawa, nikirudi 114 naokoa hodi mbili katika kila tatu. Nilijaribu. Tatizo, kile kipindi cha katikati, maji yanapanda lakini hayajajaa, kidude kinajiona bado kina njia kinatupa pakiti kubwa hazifiki, kila isiyofika inachelewesha vipimo vya masaa mawili na dakika 20, ya 38 isipofika inachelewesha vya dakika 45. Nikajaribu kuweka saizi mbili, kubwa ya kukupwa ndogo ya kupanda, programu ikanenepa, kikatokea kidude kimoja kinatuma saizi moja mwenzake anasubiri nyingine, siku tatu natafuta kosa juani. Nikarudi saizi moja. Wale wa Georgia Tech walishasema.

Akauliza tena, na betri sasa zinakaa muda gani?

Nikamwambia tuliweka mpya mwezi wa sita, tangu hapo sijashuka na bisibisi. Akaandika hilo nalo, akafunga daftari, umeme ndo ukakatika.